Siku Marehemu Alipopanga Mstari

Sifa ni zake Mungu, ambaye hakuna kilicho kitupu mbele zake asichoweza kukijaza. Ameniachia macho ya kuandikia na kumbukumbu ya kuandika, ingawa meno ameyachukua karibu yote, na sina neno, maana uji bado unapita. Namshukuru kwa kazi aliyonipa, kwa watu niliofanya nao kazi hiyo, na kwa asubuhi hii ambayo sina mahali pa kuwahi.

Vijana wa ofisini, siku mliyoniaga mliniuliza jinsi tulivyokuwa tukijaza viti vya wajumbe zamani, mjumbe akifa au akihama kabla ya muda wake kwisha. Nilicheka tu, kwa sababu soda ilikuwa mkononi na maelezo ni marefu. Sasa nimekaa na nafasi ninayo.

Nilianza kazi ya ukarani katika baraza letu la Ifakara katika miaka ya hamsini, nikiwa nimetoka shule ya makatekista. Mapadre walinifundisha kusoma, kuandika na kusubiri. Sikujua kwamba hilo la tatu ndilo ningelitumia zaidi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii ya mama yangu, nikafika ofisini kabla ya jua kupanda, nikakuta mlango uko wazi na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua anafuta vumbi kwenye taipu kwa unyoya wa kuku.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuanza kazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, mzee."

"Basi kazi ya kwanza ni hiyo. Karani mwenye njaa huandika mambo yasiyosemwa."

Huyo ndiye Mzee Athumani, karani mkuu, mtu wa pwani aliyekuja bondeni akiwa kijana na akaoa hapa hapa. Alinifunza kazi yote. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na katika miaka yote tuliyokaa meza moja tuligombana juu ya jambo moja tu, nalo ni dirisha: yeye alitaka lifungwe kwa sababu ya vumbi, mimi nilitaka liwe wazi kwa sababu ya joto. Saa yake ya kuswali ikifika, nilishika ofisi mimi. Jumapili yangu ikifika, alishika yeye.

Vifaa vyetu vya uchaguzi vilienea katika kikapu kimoja. Tulikuwa na kamba ya katani, mambo za mti, yaani vigingi vya kupigilia ardhini, na nyundo. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya baraza, na ukikigonga kwa chuma kilisikika hadi mtaa wa Lipangalala, ng'ambo ya mto, kama upepo ulikuwa mwema. Karatasi za kura hatukuwa nazo. Kila mgombea alisimama kwenye mambo yake, na watu wakapanga mstari nyuma yake. Kisha karani alipita akihesabu.

"Usihesabu vichwa," Mzee Athumani aliniambia. "Utahesabu na mtoto aliyebebwa mgongoni. Gusa bega la mtu mzima, taja hesabu kwa sauti, nenda kwa anayefuata. Na usimtazame usoni."

"Kwa nini nisimtazame?"

"Atadhani unakumbuka."

Baraza letu lilikuwa na wajumbe wa mitaa ya mji na wa vijiji vya jirani. Nafasi ziliachwa wazi kwa sababu nyingi. Mjumbe mmoja wa upande wa Kisawasawa, kila mpunga ulipoanza kuchanua, alihamia shambani na familia yake yote kuamia ndege wasile nafaka, akilala juu ya dungu hadi mavuno. Hakuja mikutanoni, ila alimtuma shemeji yake alete kofia yake iwekwe kitini. Kofia ilihudhuria mikutano yote, na kwa kweli ilikuwa na adabu kuliko wajumbe kadhaa. Kanuni ilisema asiyehudhuria mfululizo hupoteza kiti. Tulipomwandikia, alijibu kwamba hajakosa hata mara moja. Ilibidi tumweleze kwa upole kwamba kofia haipigi kura, na watu wa kwao wakamchagua mwingine, mwenye shamba la karibu.

Lakini kiti kilichonifunza kazi hii ni cha Lipangalala.

Mjumbe wa Lipangalala alikuwa Mzee Nikodemu, mtu mrefu, mwenye koti jeusi ambalo hakulivua hata Januari. Kwa muda mrefu alikuwa akiomba jambo lile lile barazani: daraja la mbao juu ya mto Lumemo, ili watu wa ng'ambo waweze kufika mjini masika. Masika iliyotangulia, Veronika, mke wa mpwa wake Kasiani, alishikwa na uchungu wakati mto umejaa. Walimbeba kwa machela hadi ukingoni, wakakaa pale wakiyatazama maji. Maji yalipopungua mama alikuwa hai, mtoto hakuwa hai. Baada ya hapo, Mzee Nikodemu aliposimama barazani kusema "daraja", hata wasiompenda waliinamisha macho.

Hatimaye mbao zilipatikana. Zilipasuliwa za mvule, nzuri, zikapangwa nyuma ya baraza na kufunikwa nyasi. Ila wajumbe wa mjini walikuwa na wazo lao: walitaka zitumike kuezeka na kupanua banda la soko, ambalo nalo, Mungu ni shahidi, lilivuja. Mbao zilitosha jambo moja tu. Baraza lingeamua kabla ya masika.

Katikati ya hayo, Mzee Nikodemu akaugua, na baada ya siku chache akafariki. Tulimzika kwa heshima. Matanga yalipokwisha, ukoo ulifanya kama ilivyo desturi kwetu bondeni: walimchagua mrithi wa jina. Wakamchagua Kasiani. Wakamvika lile koti, wakampa fimbo na jembe, na tangu saa ile yeye akawa Nikodemu. Watoto wa marehemu walimwita baba. Wazee wenye mvi walimwamkia shikamoo, naye kijana akaitikia marahaba huku akitazama chini kwa haya. Hakuna aliyeona mchezo katika jambo hilo. Mtu amekufa, lakini nafasi yake haikai tupu.

Basi mkutano ulipofika, Kasiani aliingia barazani na koti lake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mjomba wake, akaketi. Mwenyekiti wetu, ambaye naye ni mtu wa hapa, akamwambia, "Shikamoo, Mzee Nikodemu, pole na safari," na mkutano ukaanza. Mimi nikaandika kwamba mjumbe wa Lipangalala yupo. Niliona ni sawa kabisa. Mzee Athumani peke yake aliinua macho kutoka kwenye taipu, akanitazama, akayarudisha.

Ilipofika habari ya mbao, mwenyekiti akasema, "Lipangalala, tunakusikiliza."

Kasiani akasimama. Alikuwa mvuvi, mtu wa kukaa kimya siku nzima akisubiri kambare. Alishika fimbo kwa mikono miwili. Midomo ilisogea, sauti haikutoka. Jasho likamtiririka hadi kwenye kola. Alisimama hivyo mpaka mjumbe mmoja wa mjini akasema kwa upole wa kweli, "Keti, mzee, pumzika." Akaketi. Nadhani wangeliamua siku ile ile, kama si Bwana Shauri, ofisa Mzungu kijana wa wilaya aliyekuwa amevuka kivuko kutoka Mahenge kuja kututembelea.

"Huyu mjumbe ni nani?" akauliza.

"Ni Mzee Nikodemu," mwenyekiti akajibu.

"Nikodemu nilimjua. Alikuwa na mvi."

"Ndiyo, bwana. Yule alifariki."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye yeye."

Bwana Shauri alitutazama mmoja mmoja kuona nani anacheka. Hakuna aliyecheka. Mzee Athumani akamweleza taratibu, na kwa sifa ya Bwana Shauri niseme kwamba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa shauri: desturi aliiheshimu, lakini kiti cha baraza kilikuwa wazi. Lipangalala ichague mtu kabla ya mkutano ujao. Isipochagua, yeye mwenyewe ataweka mtu, na akamtaja Bwana Feliksi, mzee mwema mwenye genge karibu na soko. Habari ya mbao ikaahirishwa hadi mkutano huo.

Kila mmoja wetu aliyekuwa pale alielewa. Feliksi akikaa katika kiti kile, mbao zitakwenda sokoni. Na Veronika alikuwa mjamzito tena, tumbo limekwisha kuwa kubwa, na masika haikuwa mbali.

Tukatangaza uchaguzi. Nakuombeni mwelewe jinsi tulivyotangaza, maana siku hizi mnabandika karatasi mlangoni na kwenda nyumbani. Tulitembea nyumba kwa nyumba. Kila mahali tulipokelewa vizuri, tukapewa kiti na maji, na kila mahali tulisikia maneno yale yale: Nikodemu yupo. Kusimama kugombea kiti chake ni kumfukuza mtu ambaye udongo wake bado mbichi.

Tulimkuta Kasiani ukingoni, anatengeneza mgono wake wa kuvulia. Alituamkia, akakumbuka kwamba sasa yeye ndiye wa kuamkiwa, akachanganyikiwa, tukasalimiana kwa mikono.

"Mimi sitaki kile kiti," alisema. "Mliniona. Ndani mle ulimi unakauka. Nikiwa hapa nasema vizuri."

"Hapa hapana mbao," Mzee Athumani akamjibu.

"Ndiyo maana nasema. Mke wangu yule pale." Akaonyesha kwa kidevu. Veronika alikuwa anatwanga mpunga polepole, mkono mmoja kiunoni. "Mzee, nani atasema?"

Mzee Athumani akachukua kofia yake, akaaga. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumjibu, wakati sote tulimjua mtu wa kusema. Alikuwa Simforiani, mchonga mitumbwi, aliyegombea na marehemu zaidi ya mara moja na kushindwa kila mara. Waligombana juu ya kila kitu. Hata daraja, ambalo wote wawili walilitaka, waligombania mahali pake: Nikodemu alitaka penye mkuyu, karibu na nyumba za watu, Simforiani akataka chini kwenye mawe, ambako mto ni mwembamba.

"Kwa sababu mimi ni karani," Mzee Athumani alisema. "Nikimtaja mtu leo, kesho kila kiti kitakuwa changu."

Tukafika kwa Simforiani kama tulivyofika kwa wengine. Alikuwa ndani ya gogo, tezo mkononi, vibanzi vimemjaa nywele.

"Msiniambie," akasema kabla hatujamwamkia. "Nimesikia. Mnataka nigombee na maiti."

"Hatukuja kukuomba," Mzee Athumani akasema. "Tumekuja kukujulisha. Uchaguzi ni uwanja wa shule, kengele ikilia."

"Alinishinda akiwa hai. Nikimshinda akiwa amekufa watasema nini? Watasema nilimla! Nina watoto, Athumani. Nataka waoe na waolewe katika bonde hili." Akapiga tezo, kibanzi kikaruka. "Halafu yule mzee alikuwa mbishi. Ninyi hamjui jinsi alivyokuwa mbishi. Sasa nabishana na nani? Na huyu?" Akalipiga gogo teke.

Nikaona macho yake yamelowa, nikageuka nitazame mto.

Usiku huo nilisali rozari nzima kwa ajili ya Lipangalala. Mzee Athumani aliniambia asubuhi kwamba naye aliomba. Kisha akanituma nikanunue kamba mpya, maana ya zamani ilikuwa imeliwa na panya.

Siku yenyewe nilipiga reli mpaka mikono ikafa ganzi. Watu walikuja wengi. Bwana Shauri aliketi kwenye kiti cha mwalimu, chini ya kivuli cha paa la darasa. Ukoo wa marehemu ulikaa mbele, na katikati yao Mama Skolastika, mjane, amejifunga kaniki nyeusi. Simforiani alikaa nyuma kabisa, karibu na milingoti ya goli, kama mtu anayepita tu.

Mzee Athumani akauliza nani anatajwa. Mama Skolastika akasema bila kuinuka, "Mzee Nikodemu." Makofi yakalia. Nikapiga mambo ya kwanza ardhini, na Kasiani akaja kusimama pale, koti limemfika magotini.

"Mwingine?"

Wazee wakatazama chini. Nikasikia jongoo akitembea kwenye majani makavu.

"Nauliza tena. Yupo mwingine?"

"Yupo," akasema Kasiani.

Watu wote wakageuka. Sauti ilikuwa ndogo, lakini tulikuwa nje, hapakuwa na kuta za kumtisha.

"Namtaja Simforiani."

Zogo likazuka. Simforiani akaruka juu kama aliyeketi penye siafu. "We kijana! Usiniue!" akapiga kelele. Mzee mmoja wa ukoo akamkemea: "Unamwita nani kijana? Huyo ni Nikodemu!"

"Ndiyo," Kasiani akasema. "Mimi ni Nikodemu. Si mmenipa jina ninyi wenyewe? Koti hili mmenivika ninyi." Akangoja kelele zipungue. "Basi sikilizeni Nikodemu anavyosema. Nimechoka. Nimesema daraja mpaka nimekwisha. Katika mtaa huu wote, hakuna aliyeyasikiliza maneno yangu kama Simforiani, kwa sababu ilikuwa lazima ayasikie ndipo ayapinge. Anayajua yote. Ayaseme yeye sasa."

Mzee Athumani hakubadilisha uso. "Unajitoa?"

"Najitoa."

Nikapiga mambo ya pili. Simforiani alikuja kana kwamba anasukumwa mgongoni, akasimama, na Kasiani akaondoka mahali pake, akatembea na fimbo yake mbele za watu wote, akasimama nyuma ya Simforiani. Wa kwanza katika mstari.

Bwana Shauri akaniita kwa kidole. "Karani, huyu anayepanga mstari ni nani hasa?"

"Kwa kitabu cha kodi, bwana, ni Kasiani. Kwa uwanja huu ni marehemu."

"Na marehemu anamchagua nani?"

"Mpinzani wake, bwana."

Akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. "Endeleeni," akasema.

Lakini hapakuwa na wa kuendelea. Wote walikuwa wanamtazama Mama Skolastika. Alikaa amenyoosha miguu, macho kwenye lile koti. Nani ajuaye alichokiona. Mwishowe akainuka, akakung'uta vumbi la kaniki, akatembea hadi nyuma ya Kasiani, akasimama.

"Kama mwenyewe amekubali," alisema, "mimi ni nani?"

Hapo watu wakainuka kama maji. Mstari ulipita goli, ukapinda kuelekea vyoo vya shule. Wachache walibaki wameketi, na haki yao hiyo tuliiandika pia. Nikaanza kuhesabu. Niliweka mkono juu ya bega la koti lile jeusi, ikanifikia harufu ya tumbaku ya Mzee Nikodemu, nami nikasema, "Moja."

Katika mkutano uliofuata Simforiani alizungumza mpaka mwenyekiti akaomba maji. Alieleza yote: machela, ukingo, maji, mtoto. Alipoulizwa daraja lijengwe wapi, sote tuliojua ugomvi wao tulingoja aseme kwenye mawe. Akakohoa.

"Penye mkuyu," akasema. "Kura yangu ya kwanza ilitoka kwa mtu wa mkuyu."

Bwana Feliksi, aliyekuwa kwenye benchi la wasikilizaji, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Soko lilipata vipande vilivyobaki, likavuja masika moja zaidi, na hatukufa.

Watu wa Lipangalala walijenga kwa zamu, Simforiani akisimamia na kumlaumu kila mtu. Mvua za kwanza zilikuta bado mbao za mwisho hazijapigiliwa. Na ilikuwa katika mvua hizo uchungu ulipomshika Veronika. Walipofika naye mtoni, maji yalikuwa yanapita chini ya daraja, ya udongo, yana kelele. Simforiani alisogeza mbao kwa mikono yake kuziba penye pengo, akasimama juu yake ili zisicheze. Kasiani akatangulia na fimbo, akijaribu kila ubao, ndipo machela ikafuata. Watu walisema marehemu alivuka wa kwanza. Mimi sikulisahihisha jambo hilo.

Mtoto alikuwa wa kike. Alilivuka daraja lile mara mbili katika wiki yake ya kwanza: kwenda akiwa tumboni, kurudi akiwa mgongoni. Mzee Athumani na mimi tulikuwa pale waliporudi. Nikamwona mzee wangu akinyoosha kidole, akigusa bega la Veronika, kisha, kinyume cha yote aliyonifunza, akagusa na kichwa kidogo kilichokuwa nyuma yake.

"Wawili," akasema.

Nanyi mnaosoma haya, Mungu awape subira kila mtakapokuta kiti kiko wazi, awape masikio ya kuwasikia hata wanaowapinga, na kila mto mtakaoufikia umejaa, mkute kuna mtu aliyetangulia kujaribu mbao. Amina.